Kimya Kinachopumua

2 Machi
Mvua ya kwanza imenikuta katikati ya busu. La kitabuni, nisije nikaeleweka vibaya. Shujaa ndiyo kwanza anamwinamia binti, mabati yakaanza kupiga kelele kama yamemwagiwa kokoto, nikazima mashine. Busu litasubiri jua.

Ndiyo kazi yangu hii. Nasoma riwaya kwa sauti, narekodi, natuma mjini, na watu wasio na muda wa kushika kitabu wananisikiliza huku wanapiga pasi. Nafanyia katika stoo ya nyumba hii niliyoachiwa na marehemu Mama Mkubwa: chumba cha katikati kisicho na dirisha, nilichokivisha mablanketi ukutani na hadi juu. Miaka sita ya ndoa niliambiwa "punguza sauti". Humu hakuna wa kuniambia.

Mhariri wangu amenipa hadi tarehe thelathini Aprili. Nikishindwa, kitabu anapewa msomaji mwingine, na kazi ya mwaka mzima inakwenda naye.

Naandika nyuma ya daftari la Mama Mkubwa la vipimo vya nguo. Ukilipindua unakutana na viuno vya mji mzima.

5 Machi
Mvua.

6 Machi
Mvua. Nimekula mkate na kuangalia ukuta.

9 Machi
Mvua imepumzika kuanzia saa tatu hadi saa sita, nimemaliza sura ya tatu.

Kabla ya neno la kwanza huwa narekodi dakika moja ya kimya. Watu wakisikia hivyo wanacheka, lakini kila chumba kina kimya chake. Ukikata kikohozi katikati ya sentensi, unaziba pengo kwa kimya cha chumba kilekile, la sivyo msikilizaji anahisi shimo bila kujua ni la nini. Kwa hiyo nakaa dakika nzima nikitazama taa, nimefunga mdomo. Mama yangu angeona muujiza.

Shujaa wa kitabu hiki ananichosha. Ana mabega mapana, anaongea kwa kunguruma, na kila binti akisumbuliwa na yule mtu asiyejulikana anayemfuata, yeye anavunja mlango. Sura tatu, milango mitatu. Leo nilishindwa kuvumilia, nikamwambia ndani ya maikrofoni: "Mlango umekukosea nini, baba? Si ungebisha tu." Nikacheka peke yangu, nikafuta, nikasoma upya kwa adabu.

14 Machi
Dari linavuja jikoni. Jirani yangu, Mwalimu, aliliona tone la kwanza kabla yangu. Alikuwa amekuja kuazima mwavuli wangu. Mimi na yeye tunakaa katika nyumba moja iliyogawanywa kwa ukuta, milango miwili inayotazama barabara, kibaraza kimoja. Amestaafu zamani, mkewe amefariki, na hakuna mtu mji huu ambaye hakupitia mikononi mwake. Anamsahihisha kila mtu. Msibani kwa Mama Mkubwa alimsahihisha msoma wasifu mbele ya jeneza. Leo nilisema mvua inanyesha sana sana, akainua kidole: "Sana moja inatosha, mwanangu."

Mama Mdogo, anayekaa ng'ambo ya barabara, anamwabudu. "Huyo ndiye mtu wa heshima aliyebaki. Dada yangu kakaa naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini, hawajagombana hata kwa sababu ya ufagio." Halafu akakumbuka jambo, akacheka kwa huzuni. "Ila marehemu naye mwishoni, na redio yake! Mchana kutwa, sauti juu kabisa, hata akilala. Tulijua masikio yamekwisha."

Kitu cha kwanza nilichokifanya nilipohamia hapa ni kuizima ile redio.

15 Machi
Fundi wa paa amekuja. Mji mzima unamwita Nukta, kwa kuwa anasema sentensi moja na kuishia hapo. Jina alipewa darasani na Mwalimu, akiwa na miaka minane. Mama Mdogo ndiye aliyemleta, na jinsi alivyojifanya ana haraka ya kuondoka nikajua hakuleta fundi tu. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," akaninong'oneza mlangoni. Nikamfukuza.

Nukta alipanda kwenye dari kupitia jikoni. Nilidhani atakaa dakika kumi, akakaa saa nzima. Aliposhuka alikuwa na vumbi hadi kwenye kope.

"Huko juu anapanda nani?" akauliza.

"Panya."

Hakucheka. Akaosha mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Ana mikono mizuri, niseme ukweli, hili ni daftari langu. Kisha mlangoni: "Dada, nimesikiliza vitabu vyako vinne. Karakana, nikipiga randa."

"Na huyu shujaa wa vitabu hivi unamwonaje?"

Akafikiri. "Anavunja sana. Hatengenezi."

Nimecheka hadi jioni.

19 Machi
Kwa nini Nukta amekaa kwenye benchi la kibaraza changu? Anasema anasubiri kuona kama paa linavuja tena. Hakuna mvua.

20 Machi
Yupo tena. Nilipomaliza kurekodi akasimama, akajipangusa suruali, akaondoka.

24 Machi
Yupo. Nimempa chai. Akaniuliza huwa narekodi saa ngapi, na kama saa hizo anazijua mtu mwingine. Nikasema kila mwenye macho anaona mvua ikikatika. Akatikisa kichwa kwa namna ambayo haikunipendeza. Sura ya kumi: yule mtu asiyejulikana anaanza kumwandikia binti barua. Nimeisoma vizuri mno, nikaogopa kwenda chooni.

27 Machi
Mhariri amepiga simu. Huyu dada ana masikio ya popo, kazi yake ni kusikiliza makosa ya watu kutwa nzima.

"Dada, kimya chako kinapumua."

"Ni mimi. Mimi pia ni kiumbe."

"Yako naijua, naifuta kila siku. Hii ni ya pili. Inaingia wewe ukitoa."

Tukacheka. Baada ya kukata simu sikucheka tena. Nikavaa hedifoni, nikafungua dakika za kimya nilizorekodi tangu mvua zianze, nikaziongezea sauti hadi mwisho. Tarehe tisa: ipo. Kumi na tisa: ipo. Ishirini na nne: ipo, karibu zaidi. Pumzi inavutwa taratibu, inatolewa taratibu, na mwishoni mwake kuna mluzi mwembamba wa pua, kama birika linalokaribia kuchemka.

28 Machi
Nimerekodi kimya nikiwa nimebana pumzi. Niliweza sekunde arobaini. Imepumua.

29 Machi
Leo nimewasha mashine, nikatoka, nikafunga mlango wa stoo na kuvuka barabara kwa Mama Mdogo. Tulizungumza habari za bei ya uzi. Niliporudi nikasikiliza. Dakika kumi za kwanza hakuna kitu. Halafu pumzi. Halafu, chini sana, mtu akakohoa huku ameziba mdomo.

Chumba hakina dirisha. Hakina kabati. Hakina uvungu. Nimeandika hivi nikiwa nimekaa barabarani kwenye kigoda, wapita njia wananisalimia, nawaitikia.

2 Aprili
Nimeshusha mablanketi yote. Lile la juu, nilipolibandua, nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekisahau: stoo ina mlango wake mdogo wa dari, kifuniko cha mbao cha mraba. Na kwenye kifuniko, kuvuka hadi kwenye fremu, mtu amechora mstari wa chaki. Mstari umekatika. Nusu ya kifuniko na nusu ya fremu hazikutani tena, zimepishana kama upana wa kidole.

Nani mwenye chaki? Nani alikaa darini saa nzima? Nani anajua vitabu vyangu vinne, anakaa nje kila nirekodipo, anauliza saa zangu? Nilikuwa nimeanza kumpenda, ndiyo lililoniuma kuliko yote. Nilikuwa nimeanza kutengeneza chai ya watu wawili.

Nikatoka kibarazani, Nukta yupo kwenye benchi. "Chaki ni yako?"

"Yangu."

Hata hakukana. "Toka kwangu, Fundi. Na usirudi."

Akamtazama Mwalimu, aliyekuwa kwenye upande wake wa kibaraza anasoma gazeti. Kisha akaniambia polepole: "Usirekodi peke yako."

"Toka!"

Akaenda. Mwalimu alikunja gazeti. "Yule kijana tangu darasani alikuwa mgumu kueleweka," akasema. "Pole, mwanangu. Kaa karibu nami."

Nilimshukuru. Naandika hili ili nisije nikasahau kwamba nilimshukuru.

5 Aprili
Sura ya mwisho imepotea. Karatasi ishirini, zilikuwa mezani stooni chini ya miwani yangu. Miwani ipo. Mlango wa nyuma ulikuwa na komeo kwa ndani, wa mbele umefungwa kwa ufunguo, na ufunguo nilikuwa nao shingoni.

6 Aprili
Nimebadilisha kitasa. Kifuniko cha stoo sina wa kukipigilia, fundi nimemfukuza. Mama Mdogo ananiambia nilale kwake. Nimekubali, ila mchana narudi, la sivyo kitabu hakitakwisha. Mhariri amesema karatasi si kitu, atanitumia sura ile kwa simu.

Mwalimu amesikia kuhusu karatasi. Amesikitika. "Basi pumzika. Kitabu kizuri hakikimbizwi. Ukikimaliza, si utakwenda zako mjini?"

Nikamwambia siendi popote. Hakuonekana kunisikia.

7 Aprili
Mvua kutwa. Nashukuru. Kwenye mvua sihitaji kusikiliza kimya.

10 Aprili
Naandika nikiwa kwa Mama Mdogo, mlango umefungwa.

Mlango wangu wa mbele umevimba kwa unyevu, leo saa tano ulikataa kabisa kufunguka. Nikaupiga bega. Mara moja, mara ya pili. Mwalimu alikuwa amesimama kwenye kizingiti chake na kikombe mkononi, akacheka kwa upole, akasema:

"Mlango umekukosea nini, mwanangu? Si ungebisha tu."

Nikacheka pia. Mlango ukafunguka, nikaingia, nikaufunga, na hapohapo kicheko kikanikauka mdomoni.

Maneno yale niliyasema mimi. Tarehe tisa Machi, stooni, nikiwa peke yangu, mvua imekatika. Nikayafuta dakika ileile. Mhariri hakuyasikia, Nukta hakuyasikia, alikuwa hajaja hata kuziba paa. Na Mwalimu hakuyasema tu. Aliyasema kwa sauti yangu, akapumzika mahali nilipopumzika, akaipandisha "tu" kama nilivyoipandisha.

Nilikaa sakafuni. Juu yangu mbao za dari zikalia kidogo, mara moja, kama zinavyolia mtu anapogeuka upande wa pili kitandani.

Nikatoka taratibu. Nilipita mbele ya mlango wake. Ulikuwa wazi, kikombe kipo juu ya kiti, yeye hayupo.

11 Aprili
Nimekwenda karakana. Nukta alikuwa anapiga randa, sauti yangu inatoka kwenye redio yake ndogo, kitabu cha mwaka juzi. Alipoiona sura yangu aliizima.

"Ni Mwalimu," nikasema.

Akaweka randa chini. Na kwa mara ya kwanza nikamsikia mtu huyu anazungumza kwa aya nzima. Ukuta wa kati, alisema, unaishia kwenye dari. Juu ya dari, nyumba zetu ni moja. Siku ile ya kwanza alikuta ubao umelazwa kutoka upande wa Mwalimu hadi juu ya stoo yangu, na juu ya ubao godoro jembamba, mto, na kikombe. Godoro lilikuwa na shimo la mtu. Aliposhuka, mimi nikichota maji ya kunawa, aliingia stooni, akainua pembe ya blanketi la juu na kuchora chaki ili ajue kama kifuniko kinafunguliwa. Benchi alikaa ili nisiwe peke yangu.

"Na ukanyamaza! Wiki tatu! Nimelala chini ya mtu wiki tatu, wewe umekaa nje na chai yangu!"

"Sikutaka kukutisha. Na sikuwa na uhakika." Akatazama viganja vyake. "Ndiye aliyenifundisha kusoma, Dada. Aliyenishika mkono huu."

"Ulinzi wa kunifumba macho siutaki. Nilishaolewa nao. Kitu kikiwa juu ya kichwa changu, mimi ndiye wa kwanza kuambiwa."

Akapangusa vumbi la mbao mezani. Nilidhani amekasirika. Kisha akasema, "Ni kweli. Nimekosa." Wanaume wa vitabuni huchukua sura kumi na nane kufika hapo.

Tukaenda pamoja kituoni. Askari wa zamu, dada mwenye heshima zake, alitusikiliza hadi mwisho, kisha akafunga kalamu. Naye alifundishwa na Mwalimu. "Mkimwona kwa macho sawa. La sivyo mji utanila mzima." Mama Mdogo naye hakutaka kusikia. "Mwanangu, upweke umekuchezea."

Kwa hiyo lazima wasikie kwa masikio yao. Na mimi najua jinsi ya kumfanya azungumze. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta, naujua udhaifu wake.

Nukta aliniuliza swali moja tu. "Siku hiyo, unataka nikae wapi?"

"Nyuma ya mlango wa stoo. Na usiuvunje."

"Nitabisha," akasema.

12 Aprili
Mvua. Hatukuweza. Nimekula kidogo.

13 Aprili
Mvua imekatika saa nne asubuhi. Nilisimama kibarazani nikajinyoosha, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Haya, nikamalizie sura ya mwisho, wamenitumia nyingine." Mwalimu aliinua uso kutoka kwenye gazeti. Nilitabasamu. Sijui nilipata wapi tabasamu lile.

Mama Mdogo na askari walikuwa wameshaingia kwa mlango wa nyuma, wamekaa sebuleni mbele ya spika ndogo iliyounganishwa na maikrofoni yangu. Mama Mdogo amekunja mikono kifuani, amenuna. Nukta amesimama kwenye korido, amevua viatu.

Nikaingia stooni, nikafunga mlango. Nikakaa. Blanketi la juu nilikuwa nimelirudisha lilivyokuwa. Kabla ya kusoma nikarekodi dakika ya kimya, kama kawaida, maana angeshangaa nisiporekodi. Sijawahi kukaa dakika ndefu kama ile. Kwenye sekunde ya ishirini mbao zikalia upande wa Mwalimu. Thelathini na tano, zikalia katikati. Hamsini, zikalia juu ya kichwa changu, na vumbi kidogo likaangukia ukurasa kutoka kwenye upindo wa blanketi. Na hedifonini, pumzi. Na mluzi.

Nikaanza kusoma. Karatasi zangu alikuwa nazo yeye, nilijua kwamba amekwisha kuisoma sura ile, pengine mara nyingi. Sentensi ya kwanza inasema: "Alipofika mlangoni hakugeuka nyuma, kwa kuwa alijua hakuna tena anayemfuata." Nikaisoma, nikaruka "tena". Nikatulia, nikarudia kama nirudiavyo nikikosea. Nikaruka "tena". Juu, pumzi ikasimama.

Nikairudia mara ya tatu. "Alipofika mlangoni hakugeuka nyuma, kwa kuwa alijua hakuna anayemfuata."

Mbao zikalia kidogo. Mara ya nne nikaisoma kwa uvivu, nikameza na mwisho wa neno, kama mwanafunzi wa nyuma darasani. Niliwaza, hatasema. Ana akili kuliko mimi. Nikaisoma mara ya tano.

"Rudia," ikasema sauti juu ya kichwa changu. Ilikuwa ya upole, na karibu sana. "Umeruka neno."

Sebuleni kiti kikaanguka. Mama Mdogo alipiga yowe moja fupi. Nilikuwa nimepanga niite, tuliafikiana niite jina, lakini halikutoka. Mimi ninayepata riziki kwa sauti yangu, sikuwa nayo. Nikaliona blanketi la juu linafanya tumbo, kifuniko kinainuliwa nyuma yake, na vidole vinne vikatokea kwenye pindo, safi, kucha zimekatwa vizuri, na wino mwekundu kwenye kidole cha shahada.

Ndipo hodi ikabishwa mlangoni. Mara mbili, kwa adabu.

"Ingia," nikasema. Hilo niliweza.

Nukta akaingia, akapita, akasimama kati yangu na vile vidole. Hakunguruma. Aling'oa blanketi kwa mkono mmoja, likaanguka, na tukamwona Mwalimu amelala kifudifudi, amevaa shati lake jeupe lililopigwa pasi, daftari chini ya kidevu. Alitutazama kama tumechelewa kuingia darasani.

"Nukta," akasema, "kaa chini."

Nikaona bega la Nukta linashtuka. Mwili wa mtu haujasahau umri wa miaka minane. Nilidhani kweli atakaa.

"Sikai, Mwalimu," akasema. "Wewe shuka."

Halafu mguu wa soksi nyeusi ukateremka kutafuta ngazi ambayo haikuwapo, na Nukta akaushika, akaushusha taratibu, kama anavyoshusha bati la zamani lisikwaruze mtu. Askari alikuwa mlangoni. Mwalimu alipokanyaga sakafu alijipangusa magoti, akanigeukia.

"Hakuna tena anayemfuata," akasema. "Tena. Ndilo neno lenyewe, mwanangu. Bila hilo kitabu hakina maana."

14 Aprili
Nimelala kwa muda wa saa kumi na tatu kwa Mama Mdogo. Amenitazama kila nilipogeuka.

17 Aprili
Madaftari yalikuwa kumi na moja, yamepangwa kabatini kwake kwa miaka. Askari ameturuhusu kuyaona. Matatu ni yangu. Kila siku ina tarehe, na pembeni alama kwa wino mwekundu. "Leo amechoka, anameza mwisho wa maneno. Sita." "Amecheka peke yake. Nane." "Amelia saa tisa, bila sababu. Hakuna alama." Na tarehe nne Aprili, amepigia mstari mara mbili: "Akimaliza ataondoka. Asimalize."

Manane ya kwanza ni ya Mama Mkubwa. Mazungumzo yake na wateja, nyimbo alizoimba akishona, maombi yake. Miaka na miaka, kwa mwandiko mzuri. Kisha katika daftari la nane maneno yanaisha, na kila siku inabaki na mstari mmoja: "Redio. Sifuri." "Redio. Sifuri." Ukurasa baada ya ukurasa, hadi siku aliyofariki.

Mama Mdogo alisoma mwenyewe, kidole juu ya mstari. Alipofika mwisho akasema, "Alijua. Dada yangu alijua, na nani angemwamini? Mimi?" Nilimshika. Tumelia hadi askari akatoka nje kutupisha.

Na mimi niliizima ile redio, nikampelekea mtu yule kimya alichokuwa amenyimwa.

20 Aprili
Nukta anajenga ukuta huko juu, tofali kwa tofali, hadi unagusa bati. Nimempandishia tofali mwenyewe. Kila safu akiimaliza ananiita nipande nione, nitie mkono, niseme kama inatosha. Nimesema haitoshi mara mbili. Akaongeza.

23 Aprili
Mvua. Chai ya watu wawili. Mama Mdogo anapita mbele ya dirisha mara nyingi kuliko shughuli zake zinavyohitaji.

26 Aprili
Sijaweza kurekodi. Ukuta upo, kifuniko kimepigiliwa misumari kumi na sita, nimeihesabu. Lakini nikikaa na kufunga mdomo, naisubiri ile pumzi. Nikivua hedifoni, naisikia bado. Siku nne zimebaki, na sura moja.

Nimemwambia Nukta. Hakusema "usiogope", namshukuru. Aliuliza, "Nifanye nini?"

"Sijui. Kaa humo ndani."

29 Aprili
Mvua imekatika saa tatu. Nukta aliingia stooni na kigoda chake, akakaa karibu na mlango, mikono juu ya magoti. Nikawasha mashine. Dakika ya kimya. Nilimtazama badala ya taa. Kwenye sekunde ya kumi nilianza kumsikia, pumzi nzito, ya mtu aliyebeba tofali wiki nzima, na nikangoja woga unipande. Haukupanda. Dakika ikaisha, nami nikaiacha iendelee hadi ya pili.

Kisha nikasoma sura yote hadi mwisho, bila kuruka neno.

Jioni Mhariri akapiga. "Dada, umemaliza vizuri, hongera. Ila kimya chako kinapumua tena. Niifute hiyo ya pili?"

"Hapana," nikamwambia. "Huyo namjua. Mwache."